UVIMBE WA FIGO UNAPOINGIA KATIKA MSHIPA MKUU WA DAMU

Utangulizi

Mwanafunzi wa elimu ya viumbe hufundishwa mapema kwamba mishipa ya damu ni njia za uchukuzi: ateri hupeleka damu kutoka moyoni, na vena huirudisha. Jambo ambalo hutajwa kwa nadra ni kwamba njia hizo hizo huweza kutumiwa na maradhi. Zipo aina za uvimbe wa saratani, hasa za figo, ambazo haziishii katika kiungo zilimoanzia. Huota ndani ya vena ya kiungo hicho, huufuata mkondo wa damu, na pengine hufika ndani ya moyo wenyewe ilhali mgonjwa angali akitembea na kufanya shughuli zake.

Zamani mgonjwa wa namna hiyo alihesabiwa kuwa hana tiba. Siku hizi wengi hufanyiwa upasuaji, na sehemu kubwa yao huishi miaka mingi baadaye. Badiliko hilo limeletwa na mambo mawili. La kwanza ni kuelewa vyema jinsi uvimbe unavyokaa ndani ya mshipa. La pili ni kujua ni mshipa upi ubanwe kwanza, upi ufuate, na upi ufunguliwe mwisho. Somo hili linaeleza mambo hayo mawili, pamoja na kanuni za fizikia na elimu ya viumbe zilizo nyuma yake.

Namna tatu za uvimbe kukutana na mshipa

Uvimbe ulio karibu na mshipa mkubwa wa damu huweza kukutana nao kwa namna tatu.

Ya kwanza ni kuusukuma. Uvimbe hukua kando ya mshipa na kuupinda, lakini ukuta wa mshipa hubaki mzima. Mpasuaji hutafuta nafasi nyembamba iliyopo kati yao na kuutenga uvimbe polepole.

Ya pili ni kuuzingira. Uvimbe huuzunguka mshipa kama mizizi ya mti inavyolizunguka bomba la maji, kisha hupenya katika ukuta wake. Mfano unaojulikana ni saratani ya kongosho, ambayo mara nyingi huikumba vena kubwa iendayo kwenye ini na ateri kubwa inayolisha matumbo. Kipande cha vena hiyo kinaweza kukatwa na ncha zake kushonwa pamoja. Ateri iliyozingirwa pande zote ni jambo gumu zaidi, kwa kuwa kuikata kuna hatari kubwa, na kuiacha mara nyingi ni kuiacha saratani pia.

Ya tatu ni kuingia ndani. Uvimbe hupenya katika vena ndogo zilizo ndani ya kiungo, kisha huota katika tundu la vena kubwa kama ulimi. Hiyo ndiyo tabia ya saratani ya figo. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani hiyo, 4 hadi 10 huwa na ulimi wa uvimbe katika vena ya figo au katika vena kava ya chini.

Kwa mtazamo wa haraka, namna ya tatu huonekana kuwa mbaya kuliko zote. Lakini mara nyingi ulimi huo umeshika mahali pamoja tu, yaani kwenye shina lake ndani ya figo. Sehemu iliyobaki huelea katika damu bila kushikamana na ukuta wa vena. Kitu kinachoelea kinaweza kuvutwa kikatoka kizima, iwapo mshipa utafunguliwa bila mgonjwa kupoteza damu yake yote. Hapo ndipo lilipo tatizo la mpasuaji.

Figo na mishipa yake

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma takribani lita 5 za damu kila dakika. Kati ya hizo, lita 1 hivi hupita katika figo, ingawa figo zote mbili zina uzito wa gramu 300 tu kwa makadirio. Hakuna ajabu basi kwamba jeraha la figo hutoa damu nyingi kwa muda mfupi.

Damu huingia katika kila figo kwa ateri ya figo, itokayo katika aota. Hutoka kwa vena ya figo, iingiayo katika vena kava ya chini. Vena kava ya chini ndiyo vena kubwa kuliko zote mwilini. Upana wake ni kama sentimita 2. Hupanda kando ya uti wa mgongo, upande wa kulia. Hupita nyuma ya ini huku ikiwa imeshikamana nalo, hupokea vena za ini, hutoboa kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, na mara humwaga damu yake katika chumba cha juu cha kulia cha moyo.

Mambo mawili ya umbo yana maana kubwa katika somo hili. Kwanza, vena ya figo ya kulia ni fupi, sentimita 2 hadi 4, kwa sababu vena kava iko jirani. Ile ya kushoto ni ndefu, sentimita 6 hadi 10, kwani hulazimika kupita mbele ya aota. Kwa hiyo uvimbe wa figo ya kulia una safari fupi zaidi ya kufika katika vena kava. Pili, vena ya figo ya kushoto hupokea vena ndogo kutoka tezi ya adrenali na kutoka kokwa au ovari. Mlango wake mkuu ukizibwa, damu ya figo ya kushoto huweza kupita kinyume katika vena hizo ndogo. Figo ya kulia haina njia za kando za namna hiyo.

Dalili na jinsi ya kutambua

Dalili za kawaida za saratani ya figo ni damu katika mkojo, maumivu ya ubavu na uvimbe tumboni. Lakini wengi hawana hata moja kati ya hizo mwanzoni. Vena kava inapoanza kuzibwa, dalili nyingine hujitokeza: miguu yote miwili huvimba, na vena za ukuta wa tumbo hutokeza chini ya ngozi kama kamba. Kwa mwanamume, vena zilizovimba juu ya kokwa ambazo hazitoweki anapolala chali ni ishara kwamba damu imezuiliwa mahali fulani juu yake.

Katika Afrika ya Mashariki kuna tahadhari ya pekee. Katika pwani, visiwani na sehemu za Kanda ya Ziwa, damu katika mkojo mara nyingi husababishwa na kichocho, na mgonjwa hupewa dawa ya kichocho. Hilo ni sawa kabisa. Kosa huingia pale damu inapoendelea kuonekana baada ya matibabu, au inapotokea kwa mtu mwenye umri mkubwa, nayo ikachukuliwa kuwa ni kichocho kile kile bila kupimwa upya. Mwalimu anayefundisha habari za kichocho atawafaa wanafunzi wake akiongeza sentensi moja: damu isiyokoma baada ya dawa inahitaji uchunguzi wa figo na kibofu.

Uchunguzi wa kwanza ni ultrasaundi, yaani picha inayotengenezwa kwa mwangwi wa mawimbi ya sauti. Huonyesha uvimbe na mara nyingi huonyesha ulimi ndani ya vena. Picha za tomografia ya kompyuta hueleza zaidi. Msingi wa hesabu za picha hizo ulitafitiwa na Allan Cormack, mwanafizikia aliyezaliwa Johannesburg, ambaye alianza kulifikiria tatizo hilo mwaka 1956 akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Godfrey Hounsfield wa Uingereza, aliyeijenga mashine yenyewe. Dawa maalumu inayoingizwa mshipani wakati wa picha huufanya ulimi wa saratani ung'ae, kwa sababu una mishipa yake midogo ya damu. Donge la damu iliyoganda tu haling'ai.

Madaraja ya ulimi

Swali la kwanza la mpasuaji ni hili: ncha ya ulimi imefika wapi? Mpango unaotumiwa sana ulichapishwa mwaka 1987 na Neves na Zincke wa Kliniki ya Mayo, Marekani. Una madaraja matano:

Daraja la 0: ulimi uko katika vena ya figo tu.

Daraja la 1: umeingia katika vena kava, lakini haujapanda zaidi ya sentimita 2 juu ya mlango wa vena ya figo.

Daraja la 2: umepita sentimita 2, lakini uko chini ya vena za ini.

Daraja la 3: umefika kwenye vena za ini au juu yake, lakini haujavuka kiwambo.

Daraja la 4: umevuka kiwambo, na pengine umo ndani ya moyo.

Kila daraja lina mpango wake wa upasuaji. Kwa hiyo picha ikichukuliwa majuma mengi kabla ya siku ya upasuaji, hurudiwa, maana ulimi huweza kupanda daraja katika muda huo.

Ujuzi uliotangulia

Upasuaji huu ulijengwa juu ya uvumbuzi wa watu wengi. Mwaka 1869, huko Heidelberg, Ujerumani, Gustav Simon aliondoa figo moja ya mgonjwa kwa kukusudia, na mgonjwa akaishi. Hapo ikathibitika kwamba mtu anaweza kuishi kwa figo moja iliyo nzima.

Kushona mishipa kulikuja baadaye. Mwaka 1894 Sadi Carnot, Rais wa Ufaransa, alichomwa kisu katika mji wa Lyon. Vena kubwa iendayo kwenye ini ilikatwa, na madaktari hawakuwa na njia ya kuishona, Rais alikufa. Alexis Carrel, kijana aliyekuwa akisomea udaktari mjini humo, aliona kwamba jeraha kama hilo lingepaswa kushonwa. Alijifunza kutumia sindano nyembamba na nyuzi laini kwa mwanamke mtarizi, na mwaka 1902 akachapisha mbinu yake. Alitia nyuzi tatu katika ukingo wa mshipa kwa nafasi zilizo sawa, kisha akazivuta. Mduara uligeuka kuwa pembetatu, na kushona mistari mitatu iliyonyooka ni rahisi kuliko kushona mduara unaokunjamana. Alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1912.

Katika miaka hiyo hiyo Karl Landsteiner alieleza makundi ya damu, mwaka 1901, na hivyo kuwezesha mgonjwa kuongezewa damu kwa usalama. Heparini, dawa inayozuia damu isigande, iligunduliwa mwaka 1916. Hatimaye, mwaka 1953, John Gibbon wa Philadelphia alifaulu kumpasua mgonjwa moyo huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu. Bila vitu hivi vinne, yaani uzi, damu, heparini na mashine, ulimi wa daraja la juu usingeweza kuguswa.

Utaratibu wa upasuaji

Kinachofuata ni mfano wa ulimi wa daraja la 2 kutoka figo ya kulia.

Tumbo hufunguliwa kwa mkato mpana. Hatua ya kwanza ni kuifunga ateri ya figo kwa uzi. Sababu yake ni rahisi: damu ikiendelea kuingia huku njia ya kutokea ikibanwa, figo itafura na kuvuja kila mahali. Ateri ikifungwa kwanza, uvimbe hunywea na vena zilizojaa hupungua.

Hatua ya pili ni kuiweka wazi vena kava juu na chini ya ulimi. Vena ndogo zinazoingia kutoka mgongoni hufungwa moja moja, kwani hata moja ikisahauliwa itamwaga damu katika mshipa utakapofunguliwa. Wakati wote huo mshipa haufinywi wala hausukumwi. Kipande cha ulimi kikikatika kitapanda na damu hadi moyoni, kitapita katika vyumba vya kulia, na kitakwama katika ateri ya mapafu. Mgonjwa huweza kufa katika dakika chache. Hii ndiyo ajali inayoogopwa kuliko zote katika kazi hii.

Hatua ya tatu ni kubana. Tepe laini huzungushwa mahali patatu: vena kava chini ya figo, vena ya figo ya pili, na vena kava juu ya ncha ya ulimi. Mpango unaofuatwa na wengi ni kubana chini, kisha vena ya figo ya pili, kisha juu. Kabla ya kubana kabisa hufanywa majaribio kwa muda mfupi, na mtaalamu wa usingizi hutazama shinikizo la damu la mgonjwa.

Sababu ya majaribio hayo inaonekana kwa hesabu. Kati ya lita 5 zinazorudi moyoni kila dakika, kama lita 3.5 hupita katika vena kava ya chini. Kati ya hizo, lita 1.5 hivi hutoka katika ini. Mshipa ukibanwa chini ya vena za ini, moyo hupungukiwa na lita 2, lakini damu ya ini huendelea kufika. Ukibanwa juu ya vena za ini, upungufu ni lita 3.5, na moyo hauwezi kusukuma damu usiyoipokea. Ndiyo maana mpaka kati ya daraja la 2 na la 3 ni mpaka mkubwa.

Hatua ya nne ni kufungua. Mkato hupitishwa kuzunguka mlango wa vena ya figo, na ulimi huvutwa nje ukiwa bado umeungana na figo. Ukuta wa ndani hukaguliwa. Sehemu ambayo uvimbe umeshikamana nayo hukatwa, kwa kuwa saratani iliyoachwa ukutani hurudi.

Hatua ya tano ni kushona kwa uzi mwembamba. Tundu lililobaki likiwa chini ya nusu ya upana wa awali, kiraka hutiwa. Kabla ya fundo la mwisho, kibano cha chini hulegezwa kidogo ili damu ijae na kuifukuza hewa. Povu la hewa likifika moyoni huleta madhara kama kipande cha uvimbe. Kisha vibano huondolewa: cha chini, cha figo ya pili, na mwisho kabisa cha juu. Mlango wa kuelekea moyoni hufunguliwa baada ya kuhakikishwa kwamba hakuna kitu kibaya kinachoweza kupita.

Kwa daraja la 3, ini hulazimika kutengwa na mahali lilipojishikiza ili vena kava iliyo nyuma yake ifikiwe. Zaidi ya hayo, mishipa inayoingia katika ini hubanwa pia, kwa njia iliyoelezwa na James Hogarth Pringle wa Glasgow mwaka 1908. Isipobanwa, damu itaingia katika ini bila pa kutokea, na ini litavimba. Kanuni ni ile ile ya ateri ya figo: funga mlango wa kuingilia kabla ya kuziba wa kutokea.

Ulimi unapofika moyoni

Ulimi wa daraja la 4 huhitaji mara nyingi mashine ya moyo na mapafu. Mashine hiyo hupokea damu kutoka katika vena, huitia oksijeni na kuirudisha katika aota. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa, damu inayorudi kwa njia nyingine bado hufunika mahali pa kazi, na mpasuaji hawezi kuona ukuta wa mshipa. Hapo mwili hupozwa hadi nyuzijoto 18 za Selsiasi, mashine husimamishwa, na damu huacha kuzunguka kabisa.

Inawezekanaje mtu aishi bila mzunguko wa damu? Jibu limo katika kanuni ya kemia inayofundishwa shuleni: kasi ya mabadiliko ya kikemia hupungua joto linapopungua. Katika ubongo, kushuka kwa nyuzi 10 hupunguza mahitaji ya oksijeni kwa mara 2.5 hivi. Ubongo wenye joto la kawaida la nyuzi 37 hustahimili kukosa damu kwa dakika 5 hivi. Hesabu ya kukadiria huwa hivi:

Kwa nyuzi 37: dakika 5.
Kwa nyuzi 27: 5 × 2.5 = dakika 12.5.
Kwa nyuzi 17: 12.5 × 2.5 = dakika 31 hivi.

Kwa hiyo wapasuaji hupata kama nusu saa. Ndani ya muda huo chumba cha juu cha kulia cha moyo na vena kava hufunguliwa, ulimi hutolewa wote, na ukuta hukaguliwa bila tone la damu kuziba macho. Kisha mashine huwashwa na mwili hupashwa joto polepole.

Njia hii ina gharama yake. Baridi na heparini huizuia damu kuganda, hivyo mgonjwa huweza kuvuja damu baada ya upasuaji. Kwa sababu hiyo wapasuaji hawaitumii pale ambapo ncha ya ulimi inaweza kufikiwa kutoka tumboni. Hospitali zenye mashine ya moyo na mapafu zipo pia katika Afrika ya Mashariki; mojawapo ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Je, vena kava ikiondolewa?

Mara nyingine uvimbe umeula ukuta wa vena kava kiasi kwamba kipande kizima lazima kiondolewe. Mwanafunzi atauliza: damu ya miguu itapita wapi?

Jibu linategemea muda. Mshipa ulioziba polepole, kwa miezi, huupa mwili nafasi ya kupanua vena ndogo za mgongoni na za ukuta wa tumbo. Mgonjwa wa namna hiyo huweza kuondolewa kipande cha vena kava bila kuwekewa kingine, kwa kuwa damu imekwisha kuzoea njia za kando. Lakini mshipa uliokuwa wazi jana na kukatwa leo hauna njia hizo, nao hubidi kubadilishwa kwa bomba la plastiki maalumu.

Kanuni ya Poiseuille hueleza kwa nini njia za kando zinahitaji muda. Kwa shinikizo na urefu ulio sawa, kiasi cha maji kinachopita katika mrija hulingana na nusukipenyo kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne. Nusukipenyo kikipungua kwa nusu, mkondo hupungua hadi sehemu moja ya kumi na sita. Kwa hiyo vena 16 zenye nusu ya upana huhitajika kufanya kazi ya vena moja.

Uvimbe wa Wilms kwa watoto

Watoto nao hupatwa na saratani ya figo ya aina yao, iitwayo uvimbe wa Wilms kwa jina la Max Wilms, mpasuaji wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1899. Huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5. Mara nyingi mama ndiye anayeugundua anapomwogesha mtoto: tumbo limejaa upande mmoja, na mtoto halalamiki maumivu. Tumbo la namna hiyo lisibonyezwe mara kwa mara, kwani uvimbe huweza kupasuka. Mtoto apelekwe hospitali.

Uvimbe wa Wilms nao huweza kuingia katika vena kava. Hata hivyo kuna tofauti kubwa na saratani ya watu wazima. Uvimbe wa Wilms husikia dawa. Vinkristini na aktinomaisini hutolewa kwa majuma kadhaa kabla ya upasuaji, na ulimi mara nyingi husinyaa na kushuka daraja, hivi kwamba moyo hauhitaji tena kufunguliwa. Saratani ya figo ya watu wazima haisikii dawa hizo. Kwao kuondoa uvimbe wote ndiyo njia kuu ya kupona, ingawa dawa za kuamsha kinga ya mwili zimewasaidia wengi ambao ugonjwa wao umeenea.

Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya 90 kati ya 100 wenye uvimbe wa Wilms hupona. Katika nchi nyingi za Afrika idadi hiyo ni ndogo zaidi. Sababu kubwa zinajulikana: mtoto hufikishwa hospitali akiwa amechelewa, au matibabu hukatizwa kwa sababu ya umbali na gharama. Dawa zenyewe ni za zamani na zinajulikana vyema. Kinachopotea ni muda.

Matokeo

Mtu mzima mwenye ulimi katika vena kava asipotibiwa, kwa kawaida hufa ndani ya mwaka mmoja hivi. Akifanyiwa upasuaji ulioondoa uvimbe wote, na saratani ikiwa haijaenea kwingine, nafasi yake ya kuwa hai baada ya miaka 5 ni karibu nusu kwa nusu. Upasuaji wenyewe una hatari: kwa madaraja ya juu, wagonjwa 5 hadi 10 kati ya 100, na pengine zaidi, hawavuki majuma ya kwanza. Mgonjwa na jamaa zake wana haki ya kuelezwa namba zote mbili kabla ya kuamua.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wachukue chupa kubwa ya plastiki na mirija miwili yenye urefu wa sentimita 50 kila mmoja, mmoja wenye tundu la milimita 8 na mwingine wa milimita 4. Mrija mmoja ufungwe chini ya chupa, na maji yadumishwe kwa kimo kile kile. Maji yanayotoka kwa nusu dakika yapimwe. Jaribio lirudiwe kwa mrija wa pili. Uwiano unaotarajiwa kwa kanuni ni 16 kwa 1. Unaopatikana huwa mdogo zaidi, kwa sababu maji yaendayo kasi katika mrija mpana huvurugika. Darasa lijadili tofauti hiyo.

Maswali

1. Eleza kwa nini ateri ya figo hufungwa kabla ya vena yake.

2. Moyo hupokea lita 5 za damu kwa dakika. Vena kava ya chini inapobanwa juu ya vena za ini, ni asilimia ngapi ya damu hiyo huzuiliwa?

3. Mgonjwa mmoja ana vena kava iliyoziba kwa mwaka mzima. Mwingine ana vena kava iliyo wazi. Ni yupi anayeweza kuondolewa kipande cha mshipa huo bila kuwekewa bomba? Toa sababu.

4. Kwa nini figo ya kushoto huweza kuokoka vena yake inapofungwa karibu na vena kava, lakini ya kulia haiwezi?

5. Mtu amekunywa dawa ya kichocho, na baada ya miezi miwili bado anakojoa damu. Andika maneno utakayomshauri.